Usiku Nilioona Haya Kupiga Simu

Watu wa nyumbani huniuliza nilifikaje Marekani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilinusurikaje kurudishwa, na kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe sikuwa na hamu ya kulieleza. Mama yangu alilijua mwaka 2023, nilipokwenda likizo Muheza, tumekaa barazani tunamenya machungwa. Alinyamaza, akamaliza chungwa lake, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana siku zile ulikuwa unapiga simu halafu huongei." Kwa kuwa yeye sasa anajua, na wengine wajue.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Shahada ya udaktari niliipatia Dar es Salaam, kisha nikafanya mwaka wa utarajali katika hospitali moja ya mkoa. Sitaitaja, maana yale niliyoyapata pale watarajali wengi wameyapata kwingine. Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda 40, na wagonjwa hawakuwahi kuwa 40. Walilala wawili wawili, wengine chini. Usiku tulikuwa mtarajali mmoja na manesi wawili. Daktari bingwa alikuwa na simu, namba yake imebandikwa ukutani, lakini aliyethubutu kuipiga saa nane usiku alijua kitakachomkuta asubuhi. Katikati ya raundi, mbele ya wanafunzi, manesi na wagonjwa, angeulizwa: "Kwa hiyo jana ulishindwa?"

Basi hatukupiga. Tulipambana. "Yule binti anapambana," walisema juu yangu, nami nikavimba kichwa. Niliwahi kukesha na kijana ambaye sukari ilikuwa imempanda hadi akapoteza fahamu. Nilikuwa na dripu, insulini na vijiti vya kupimia mkojo, basi. Kulipokucha alikuwa amekaa kitandani anaomba uji. Sikumpigia mtu yeyote. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa mshindi, na hakuna aliyeniambia kwamba kijana yule alipona kwa bahati yake kama vile alivyopona kwa juhudi zangu.

Safari ya Marekani ilianza kwa mitihani. Miwili ya kwanza niliifanyia Nairobi. Ule wa kwanza wenyewe ulikuwa na maswali 280, siku nzima uko mbele ya kompyuta. Wa tatu, ambao ulisimamishwa wakati wa korona na haukurudi tena, ilikuwa lazima uufuate Marekani kwenyewe, katika mmoja wa miji mitano tu. Unaingia vyumba 12, kimoja baada ya kingine, na katika kila chumba yupo mwigizaji aliyelipwa ili augue. Una dakika 15 za kumhoji na kumpima, na dakika 10 za kuandika. Ada peke yake ilizidi dola 1,500. Zilitoka katika vicoba vya mama, kikundi cha wanawake 22 wauza machungwa, mihogo na vitenge, ambao walikaa kikao wakakubali kunikopesha ili niende Philadelphia nikapime watu wasioumwa. Mwigizaji mmoja aliigiza maumivu ya kifua vizuri mno hata nikatokwa jasho. Nilifaulu.

Halafu ukaja uchumba. Siwezi kuuita jina jingine. Daktari anaorodhesha hospitali anazozitaka, hospitali nazo zinaorodhesha madaktari zinaowataka, kisha mashine inafunga ndoa. Na imekuwa hivyo tangu 1952. Jumatatu moja ya mwezi Machi unaambiwa kama umeolewa au hukuolewa. Ijumaa yake unaambiwa umeolewa na nani. Mwaka 2018 sikuolewa. Mwaka 2019 nikaolewa na hospitali ndogo katika mji mmoja wa Pennsylvania uliokuwa ukiishi kwa makaa ya mawe.

Hospitali za aina hiyo huitwa hospitali za jamii. Haziko chini ya kitivo kikubwa cha udaktari, maprofesa wenye majina hawako, na wahitimu wa Kimarekani wengi huzikimbia. Wageni ndio tunaozijaza. Mwaka wetu tulikuwa watarajali kumi, na aliyesomea Marekani alikuwa mmoja. Wengine tulitoka Nepal, Pakistan, Nigeria, Misri, India na mimi wa Muheza. Hospitali hizi zina faida yake, nayo sikuijua mapema. Katika hospitali kubwa za vyuo vikuu, kati ya mtarajali na bingwa wa moyo kuna msururu wa watu wanaosomea ubingwa huo, na kila mmoja anataka sindano aichome yeye. Kwetu msururu haukuwapo. Maji yakijaa tumboni mwa mgonjwa wa ini, aliyeyatoa ni wewe, bingwa kasimama begani pako. Lakini usiku bingwa yuko kwake, na bega lako liko peke yake.

Tuliitwa residenti, maana yake wakaazi. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1889, William Osler aliwaweka madaktari wake vijana humohumo hospitalini, wakila na kulala humo. Siku hizi kila mtu ana chumba chake cha kupanga mjini, jina ndilo lililobaki. Mafunzo ya magonjwa ya ndani ni miaka mitatu. Sheria inasema saa za kazi zisizidi 80 kwa wiki, zikipigwa wastani wa wiki nne. Ukisikia 80 ukiwa Tanzania unaona nyingi. Ukiwa umetoka wodi yangu ya utarajali unaona watu hawa wamedekezwa. Niliwaza hivyo kweli, na niliwaambia wenzangu.

Tarehe 1 Julai 2019 tulianza sote siku moja, kama darasa la kwanza. Wiki ya pili alikuja mzee mwenye homa na mwili kuuma, nami nikaandika apimwe malaria. Chumba kizima kilicheka, na kwa haki, kwa sababu mzee huyo alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa jimbo. Alikuwa na ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe wa msituni, mdogo kuliko punje ya mtama. Kwetu kupe ni habari za ng'ombe na josho. Mwezi wa Agosti, mama mmoja wa maabara aliniita taratibu niangalie slaidi katika hadubini, kwa kuwa alisikia nimetoka kwenye malaria. Niliona vijipete ndani ya chembe nyekundu za damu, ningeapa ni malaria. Ilikuwa babesia, kimelea kingine cha kupe hao hao. Tulikitazama pamoja kwa muda mrefu. Katika miezi yangu mitatu ya mwanzo, huo ndio wakati pekee niliojiona nina ninachokijua.

Kwingine kote nilikuwa najificha. Kiingereza changu kwenye karatasi kilikuwa safi. Kwenye simu nilikuwa naombwa nirudie. Nikitaja dawa, mfamasia anasema, "Samahani?" Nataja tena. "Unaweza kunitajia herufi moja moja?" Mtu akikuambia "samahani" mara thelathini kwa siku unaanza kuiogopa simu yenyewe. Nikajifunza kuandika kila kitu kwenye kompyuta na kupiga simu pale tu ambapo hakuna namna. Ukiongeza tabia niliyotoka nayo nyumbani, ya kupambana peke yangu, nilikuwa tayari kwa ajali.

Ilitokea Oktoba. Zamu ya usiku, nina wagonjwa 38 wa kuwaangalia, na residenti wa mwaka wa tatu aliye mkubwa wangu yuko chini, idara ya dharura, anapokea wanaoingia. Miongoni mwa wale 38 alikuwamo mzee wa miaka 71, mchimba makaa mstaafu, mapafu yameharibiwa na vumbi la mgodi, moyo umechoka, miguu imevimba. Alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Jioni alikuwa amepewa dawa ya kukojosha maji.

Saa tisa usiku muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyefanya kazi wodi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, alinipigia. "Hayuko sawa," alisema. Nikamwuliza ana nini. "Sijui. Hayuko sawa." Nilikwenda. Presha iliyokuwa 130 jioni imeshuka hadi 98 kwa 60, mapigo 112. Mzee alisema amechoka, anataka alale. Nikajiridhisha kwamba tumemkojosha kupita kiasi. Nikasimamisha dawa, nikaandika damu ipimwe saa kumi na moja pamoja na za wengine. Yule muuguzi akaniuliza, "Umemwambia mkubwa wako?" Nikajibu, "Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilishika simu mara mbili. Mara ya kwanza nikawaza nitakavyoanza sentensi, na "samahani?" itakayofuata. Mara ya pili nikamsikia bingwa wa nyumbani akiniuliza kama nimeshindwa. Nikaiweka simu chini, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Saa kumi na dakika arobaini mzee alianguka chooni. Mavi meusi kama lami, na hayakuwa ya kwanza. Mhudumu alikuwa amekwisha kumwaga chombo kimoja saa saba na nusu, akakiandika mahali ambapo sikufungua. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja damu, na dawa ya kuzuia kuganda ilikuwa inakisaidia kuvuja. Damu yake ilikuwa 12 alipolazwa, sasa 6.8. King'ora cha dharura kikalia, watu wakajaa, mkubwa wangu akapanda ngazi mbio akaanza kuamuru. Niliombwa nishike kichwa cha mgonjwa. Nilikishika. Bingwa wa tumbo mjini pale alikuwa mmoja tu, akaendesha gari dakika arobaini gizani, akaingiza kamera, akaufunga mshipa. Mzee alipewa chupa nne za damu. Alipona, siku ya tisa akaenda nyumbani.

Kama angekufa, nisingeandika. Hilo nalisema wazi ili pasiwe na anayenidhania ushujaa.

Barua ilikuja baada ya wiki moja, ukurasa mmoja. Miezi mitatu ya uangalizi. Nisifanye zamu ya usiku peke yangu, nikutane kila wiki na daktari mmoja mzee atakayeandika ripoti, na mwishoni kamati itaamua kama ninaendelea. Viza yangu ilikuwa imefungwa kwenye nafasi ile. Nafasi ikiondoka nami naondoka. Nilihesabu: deni la vicoba lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Mshahara wa residenti wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola elfu hamsini na kitu kabla ya kodi, na watu wa nyumbani wakisikia dola elfu hamsini hawasikii "kabla ya kodi", wala pango, wala gari bovu ambalo katika mji usio na daladala huwezi kuishi bila hilo. Nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, za huko?" "Nzuri." Kisha nikabaki na simu sikioni, yeye akinieleza bei ya machungwa imeshuka msimu huu, mimi nikilia bila sauti.

Aliyeandika taarifa juu yangu alikuwa yule muuguzi. Nilipojua nilimchukia. Kwa mwezi mzima sikumsalimu. Kwetu kumnyima mtu salamu ni adhabu kali, mtaa mzima ungejua. Yeye hakugundua hata kidogo kwamba ameadhibiwa. Usiku mmoja alikuja akaketi karibu yangu na kikombe cha kahawa, akasema ameandika taarifa za aina hiyo nyingi, na kwamba madaktari anaoona hawafai huwa haandiki juu yao, huwasubiri waondoke. Sina hakika mpaka leo kama alikuwa ananisifu.

Kabla mzee hajaruhusiwa nilikwenda kumwomba radhi. Kule ni kawaida kumweleza mgonjwa kilichokosewa, daktari mkuu akiwapo. Nilimweleza kila kitu, hata mara mbili nilizoishika simu. Hakukasirika, wala hakunifariji. Alinitazama, mrija wa oksijeni puani, akasema, "Mgodini, anayesikia paa linalia akanyamaza, hatuteremki naye tena." Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Akaomba nimsogezee rimoti ya televisheni.

Yule daktari niliyepangiwa alikuwa amesomea India miaka ya 1970, naye alikuja akiwa mgeni, katika hospitali hiyohiyo. Nilidhani atanipa vitabu. Alinipa kazi moja: kila siku nimpigie simu moja ambayo mimi naona haina haja. "Zenye haja nazo upige," alisema, "lakini mimi nataka hiyo moja." Siku ya kwanza nilikaa dakika ishirini nikitafuta swali ambalo halitanidhalilisha. Nikampigia saa moja usiku, nikasikia sahani zinagongana mezani kwake. Alisikiliza, akajibu, akasema asante. Kila siku asante. Hakuwahi kuniuliza kwa nini nimempigia.

Siku ya kumi na tisa, simu yangu isiyo na haja ilihusu mama mwenye maumivu ya mgongo tuliyekuwa tunamruhusu. Alikuwa na historia ya saratani ya titi ya miaka mingi nyuma. Nilikuwa natimiza tu hesabu ya siku. Akaniuliza, "Anatembeaje?" Nikasema anatembea vizuri. "Umemwona, au umesoma?" Nilikuwa nimesoma. Nikarudi chumbani nikamwomba mama asimame. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburura, na alipoulizwa vizuri akasema tangu asubuhi hajakojoa. Saratani ilikuwa imerudi, inabana uti wa mgongo. Usiku uleule alihamishiwa hospitali kubwa. Wakati wote huo mikoba yake ilikuwa imekwisha kufungwa, mwanawe yuko maegeshoni.

Wiki hiyo yule daktari alinisimulia habari ya Libby Zion, na nimeisimulia mara nyingi tangu hapo. Alikuwa msichana wa miaka 18 aliyefariki New York mwaka 1984, saa chache baada ya kulazwa akiwa na homa na kutetemeka. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari wawili walio mafunzoni, na dawa ya maumivu aliyopewa ilikuwa haipatani na dawa aliyokuwa akitumia. Baba yake, mwandishi wa habari, hakukubali yaishe. Ikaundwa tume chini ya Dakta Bertrand Bell, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki. Mwaka 2003 kikomo hicho kikawa cha nchi nzima. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila residenti anaijua. Sehemu inayosahaulika ni kwamba tume ile ilishughulishwa pia na usimamizi: kwamba kijana asiachwe peke yake usiku, aliyebobea awepo karibu. "Saa zinahesabika," yule daktari aliniambia, "ndiyo maana tumezihesabu." Nami naongeza la kwangu. Nilipofanya kosa langu nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nane mchana ule. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naona haya.

Januari 2020 kamati ilikaa, barua ikafungwa, nikarudi kwenye zamu za usiku. Hapakuwa na sherehe. Nilipata ujumbe wa mistari mitatu nikiwa nasubiri nguo zangu kwenye mashine za kufulia za kulipia.

Kuhusu korona, iliyotufikia Machi, wameandika waliokuwa na mengi kuliko mimi. Nitasema la nyumbani tu. Tanzania ilitoa takwimu hadi wagonjwa 509, halafu ikakaa kimya kwa muda mrefu. Mchana nilikuwa nageuza wagonjwa kifudifudi ili wapumue. Usiku nampigia mama, ananiambia nisiwe na wasiwasi, wanakunywa tangawizi na kupiga nyungu. Alipiga chafya mara moja kwenye simu nikakosa usingizi siku mbili.

Julai mwaka huo nikawa mkubwa wa zamu. Miezi tisa baada ya Oktoba ile, sasa ni mimi ninayepigiwa. Usiku mmoja wa Desemba mtarajali wangu, kijana wa Nepal, alinipigia mara tisa, na mara ya tisa akaanza kwa kuomba radhi. Nikamkatiza nikamwambia asante. Mara nane kati ya tisa hapakuwa na kitu. Sikumbuki ya ngapi ndiyo iliyokuwa na kitu.

Kila residenti ana kliniki yake, wagonjwa walewale kwa miaka mitatu. Katika yangu alikuwamo mama mmoja mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, ambaye faili lake lilisema presha haishuki ingawa anatumia dawa tatu. Wakalimani wa simu walikuwapo, ila mara nyingi laini ilikatika, watu wakaendelea na Kiingereza cha ishara. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akashangaa, maana shikamoo si ya kwao, kisha akacheka: "Kumbe unasemaka Kiswahili!" Tulipozungumza niligundua alikuwa anameza dawa moja tu kati ya tatu. Nikamwuliza mbona siku zote anamwambia daktari anameza zote. Akasema, "Daktari akiuliza, mimi nasemaka 'yes' tu. Nilikuwa naona haya." Tulipanga vidonge mezani, cha asubuhi huku, cha jioni huku. Baada ya wiki sita presha ilikuwa 134.

Nilimaliza Juni 2022, Agosti nikafanya mtihani wa bodi, nikafaulu. Kisha likaja jambo ambalo si la kujisifia. Viza ya J-1 ina sharti: ukimaliza urudi kwenu miaka miwili, na Wizara ya Afya ya nchi yako huandika barua kwamba inakuhitaji. Barua yangu ilikuwa na muhuri wa Jamhuri. Lakini ipo sheria nyingine, iliyoanza 1994, inayoliruhusu kila jimbo kuwaombea msamaha madaktari 30 kwa mwaka, wakikubali kufanya kazi miaka mitatu mahali penye upungufu wa madaktari. Mji wangu wa makaa ulikuwa na upungufu. Niliomba, nikapata, nikabaki. Deni la vicoba nimelimaliza na riba. La ile barua yenye muhuri bado, na wanaonisema nyumbani kuhusu hilo sina la kuwajibu.

Sasa ninafundisha katika hospitali hiyohiyo iliyotaka kunirudisha. Kila tarehe 1 Julai natoa namba yangu ya simu na kazi ileile ya yule daktari mzee, ambaye amestaafu: simu moja kila siku isiyo na haja. Mwaka jana binti mmoja wa Pakistan alianza kwa kunipigia saa nane usiku kuniuliza kama paracetamol ni miligramu 500 au 1,000. Nikamjibu, nikamshukuru, nikageukia ukutani nikalala. Yule muuguzi bado yuko kwenye wodi ileile, na ninamsalimu.

Nina ombi kwa madaktari bingwa wa nyumbani, wale walionifundisha na wale waliosoma nami. Najua wodi zenu, najua vitanda na wagonjwa walio chini, na siji kuwafundisha udaktari. Mtarajali akikupigia saa tisa usiku, pokea. Akikosea kueleza, mwache amalize. Na asubuhi kwenye raundi, tafadhali, usimtaje.